Fanny Crosby, Mama Asiyeona Aliyetutungia Nyimbo



Kati ya watunzi wote ambao kwaya yetu imewaimba tangu ianze, wachache tumewaimba mara nyingi kama Fanny Crosby, ijapokuwa wengi wetu hatukulijua jina lake. Kila tunapoimba Usinipite Mwokozi tunaimba maneno ya mama huyu. Ndiyo sababu tumempa nafasi katika kijitabu hiki cha jubilii.

Alizaliwa tarehe 24 Machi 1820, katika kaunti ya Putnam, jimbo la New York, Marekani. Alipokuwa na wiki sita hivi macho yake yaliugua. Daktari wa familia hakuwepo, na mtu mwingine akaitwa, akamkanda macho kwa dawa ya moto. Familia iliamini kwamba ndiyo iliyompofusha, ingawa wataalamu wa siku hizi wanadhani huenda alizaliwa hivyo. Kabla hajatimiza mwaka mmoja, baba yake akafariki. Mama yake, Mercy, alikuwa bado kijana wa miaka ishirini na kidogo tu. Alilazimika kwenda kufanya kazi katika nyumba za watu, na mtoto akalelewa na nyanya yake, Eunice.

Nyanya huyo ndiye aliyekuwa macho yake. Alimweleza rangi za maua na jinsi jua linavyotua, akamfundisha ndege kwa sauti zao. Alimsomea Biblia mpaka ikamkaa kichwani. Akiwa bado msichana, Fanny aliweza kukariri vitabu vitano vya Musa, Injili zote nne, Mithali na zaburi nyingi. Sisi ambao huomba karatasi kwa wimbo wa beti tatu, hapo tusome mara mbili.

Mwaka 1835 alijiunga na shule ya wasioona mjini New York, na baadaye akawa mwalimu papo hapo. Kulikuwa na karani kijana shuleni aliyemwandikia mashairi yake, jina lake Grover Cleveland. Karani huyo baadaye alikuwa Rais wa Marekani. (Makatibu wa kwaya, tusikate tamaa.)

Kipindupindu kilipoingia mjini mwaka 1849, kiliua hata wanafunzi wa shule ile. Fanny alibaki akisaidia kuuguza wagonjwa, na hofu ya kifo haikumtoka upesi baada ya hapo. Alianza kuhudhuria mikutano ya injili ya Wamethodisti. Mara mbili alikwenda mbele kuombewa, akarudi vilevile. Mara ya tatu, tarehe 20 Novemba 1850, watu wakiimba wimbo wa Isaac Watts, moyo wake ulifunguka. Wanakwaya tuzingatie kwamba alifunguka wimbo ukiendelea.

Mwaka 1858 aliolewa na Alexander van Alstyne, mpiga kinanda ambaye naye hakuona. Mwaka uliofuata walipata mtoto. Mtoto huyo alikufa akiwa bado mchanga kabisa.

Hapa tungependa kukaa kidogo. Watu wengi husimulia maisha ya Fanny Crosby kana kwamba alikuwa mtu wa kucheka tu. Ni kweli alikuwa mchangamfu, na hakutaka kuhurumiwa kwa sababu ya macho. Lakini habari ya mtoto hakuisema hadharani kwa miaka mingi, na hata alipozeeka aliigusa kwa maneno machache tu. Imani haikumfanya asahau. Sisi tunaoitwa kuimba katika mazishi tunawafahamu akina mama wa namna hiyo, wengine wamo humu humu katika sauti ya kwanza na ya pili. Kuna aliyekaa miezi bila kufungua kinywa huku sisi tukiimba kando yake. Hakupungukiwa na imani.

Tarehe 30 Aprili 1868, miaka tisa baada ya msiba ule, mtunzi wa muziki William Doane alifika kwa Fanny mbio mbio. Alikuwa na tuni isiyo na maneno, na dakika arobaini tu kabla ya garimoshi lake kuondoka. Fanny aliisikiliza, akaenda kando kuomba, kisha akarudi akamtajia maneno yote aandike. Ulikuwa wimbo kuhusu usalama wa mtu aliye mikononi mwa Yesu. Ulipendwa sana na wazazi waliofiwa na watoto, naye mwenyewe aliwafikiria hao hasa. Tukiusoma wimbo huo hatuoni akieleza kwa nini watoto hufa. Anaonyesha tu mahali pa kuegemea.

Mwaka huo huo ndipo alipotunga Usinipite Mwokozi. Husimuliwa kwamba alikuwa amekwenda gerezani kuhubiri, akasikia mfungwa mmoja akilia kwamba Bwana asimpite.

Kwa jumla alitunga zaidi ya nyimbo 8,000, mara nyingi kwa malipo ya dola moja au mbili. Wachapishaji waliona haya kujaza kitabu kizima kwa jina moja, kwa hiyo walimtungia majina mengine mengi. Fedha hazikukaa kwake. Aliishi katika mitaa ya watu wa chini ya New York, akitembelea walevi na wasio na makao. Yeye na mumewe baadaye waliishi mbalimbali, ila urafiki haukukatika. Mume alifariki mwaka 1902.

Fanny alilala katika Bwana tarehe 12 Februari 1915 mjini Bridgeport, karibu kutimiza miaka 95. Hakutaka kaburi la fahari. Aliwekewa jiwe dogo lenye jina ambalo watu walimwitia, Shangazi Fanny, pamoja na maneno ambayo Yesu alimsifia mwanamke wa Bethania aliyemmiminia marhamu. Jiwe kubwa liliongezwa na watu wengine mwaka 1955, na lile dogo bado lipo.