Florence Nightingale: nesi aliyekesha, na gharama ya kukesha kwake

Ukifika kituo cha daladala cha Mbagala Rangi Tatu saa 12 na nusu asubuhi, utawaona. Wengine wanashuka wakiwahi zamu, wengine wanapanda wakitoka kukesha, sare imekunjwa ndani ya mkoba, kichwa kimeegemea dirisha hata gari halijaondoka. Makonda wanawajua. Huwaamsha wakifika kwao.

Si wote waliokesha usiku mmoja tu. Wapo waliounganisha: aliingia jana asubuhi, mwenzake wa jioni akauguliwa na mtoto, wa usiku akaitwa kwingine, naye akabaki kwa sababu wodi haiwezi kuachwa. Mmoja wetu hapa studio alimpeleka mkewe kujifungua katika kituo kimoja ambacho hatutakitaja. Nesi aliyewapokea Ijumaa jioni ndiye aliyekuwepo Jumamosi mchana. Alimwuliza mama yule swali lile lile mara tatu, kama ana mzio wa dawa, na mara zote tatu aliandika jibu. Mama na mtoto wako salama, tunashukuru. Lakini tangu siku hiyo swali la saa za kazi za wauguzi halijatutoka.

Kila tarehe 12 Mei wauguzi wa Tanzania, kama wenzao duniani kote, huadhimisha siku yao. Huwasha mishumaa na kurudia kiapo. Tarehe hiyo ni siku aliyozaliwa Florence Nightingale, na mishumaa ni kumbukumbu ya taa yake. Wasikilizaji wengi wanalijua jina hilo kwa sababu ya taa tu: mwanamke aliyezunguka wodini usiku wakati wengine wamelala. Sisi tunadhani sehemu kubwa ya maisha yake ipo nje ya picha ile, na ndiyo inayomhusu nesi wa Mbagala.

Alizaliwa mwaka 1820 katika mji wa Florence, Italia, wazazi wake Waingereza wakiwa safarini, wakampa jina la mji. Walikuwa matajiri, wenye majumba mawili Uingereza. Baba yake alimfundisha mwenyewe lugha, historia na falsafa, na binti akapenda hesabu kuliko walivyotaka. Alipokuwa na miaka 16 aliamini kwamba Mungu amemwita kwa kazi fulani. Baadaye akasema kazi hiyo ni kuuguza. Nyumbani ikawa vita. Wakati ule nesi wa hospitali alihesabiwa pamoja na walevi na watu wasio na kwao, na mama yake hakutaka kusikia. Alikataa kuolewa, akasubiri miaka mingi, na mwaka 1851 akapata ruhusa ya kwenda Kaiserswerth, Ujerumani, kujifunza kwa miezi mitatu hivi kwa mashemasi wa kike wa Kiprotestanti. Mwaka 1853 alikabidhiwa hospitali ndogo ya wanawake London.

Vita ya Crimea ilipopamba moto, magazeti ya Uingereza yakaandika kwamba majeruhi wanaoza bila huduma. Waziri Sidney Herbert, rafiki wa familia, akamwomba aende. Mwezi Novemba 1854 alifika Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul, akiwa na wauguzi 38. Hospitali ilikuwa kambi kubwa ya jeshi iliyogeuzwa. Vitanda vilipangwa hadi kwenye korido, na ukivipanga mstari mmoja vingefika kilomita 6 hivi. Siku chache tu baada ya kufika, meli zikaanza kuleta majeruhi wa vita ya Inkerman.

Waliokuwa naye waliandika kwamba zilikuwepo siku alizosimama saa 20, na kwamba aliweza kupiga magoti saa 8 mfululizo akifunga vidonda. Usiku wauguzi wake hawakuruhusiwa kubaki wodini baada ya saa 2. Yeye mwenyewe ndiye aliyepita. Akimaliza kupita alikaa kuandika barua: kuomba mashuka, sabuni, mashati, kueleza nani kafa. Mapema mwaka 1855 gazeti moja la London likachapisha mchoro wake akiwa na taa mkononi, na Uingereza nzima ikampenda.

Hapo tusimame kidogo kwenye taa yenyewe. Michoro mingi humwonyesha na kijitaa cha mafuta cha umbo la birika, cha Kigiriki. Sivyo. Alichobeba ni taa ya Kituruki ya kukunja, yenye ubavu wa kitambaa au karatasi ngumu, na Waturuki waliiita fanus. Ni neno lile lile tunalolitumia sisi, fanusi, ambalo limetufikia kwa njia ya Kiarabu.

Sasa jambo lenyewe. Katika majira yale ya baridi, wakati nesi huyu analala saa chache kuliko mtu yeyote jengoni, wagonjwa walizidi kufa. Mwezi Februari 1855, katika kila wagonjwa 100 walikufa takriban 42. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kipindupindu, kuhara damu na homa za uchafu. Mwezi Machi ikafika tume ya usafi kutoka London. Ikakuta jengo limekaa juu ya mifereji ya maji taka iliyoziba, na mzoga wa farasi ndani ya njia ya maji ya kunywa. Mifereji ikazibuliwa, kuta zikapakwa chokaa, madirisha yakafunguliwa. Kufikia Juni vifo vilikuwa 2 hivi kwa kila 100.

Ina maana gani? Kukesha kwake kulifariji watu, na hilo si dogo. Askari aliyekufa akiwa ameshikwa mkono alikufa tofauti na aliyekufa peke yake. Lakini saa 20 za kusimama hazikuzibua mfereji. Nightingale mwenyewe aliliona hilo kwa uchungu baada ya vita, alipokaa London na mtaalamu wa takwimu William Farr kuhesabu vifo mwezi kwa mwezi. Kuanzia hapo hakutaka tena kusifiwa kwa Scutari. Alichora takwimu zile kwa michoro ya rangi ili wakubwa wasiopenda kusoma namba waelewe kwa jicho, na akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mwanachama wa Chama cha Takwimu cha London.

Mwili wake nao ulikuwa umelipa. Mei 1855, akiwa ziarani Crimea kwenyewe, alishikwa na homa kali, akakaribia kufa, akarudi kazini kabla hajapona vizuri. Madaktari wa leo wanashuku ilikuwa brusela, ile ile wanayoipata wanaokunywa maziwa mabichi ya mbuzi au ng'ombe wenye ugonjwa wa kutupa mimba. (Wafugaji mnaotusikiliza, chemsheni maziwa.) Alirudi Uingereza Agosti 1856. Mwaka uliofuata alianguka kabisa, na kwa miaka mingi baadaye alikuwa mtu wa kitandani. Alikuwa na miaka 37. Yule anayewekwa mbele ya wauguzi kama mfano wa kutochoka hakuuguza tena wodini maisha yake yote.

Alifanya kazi akiwa amelala, kwa kalamu. Mwaka 1859 alitoa kitabu kidogo kuhusu uuguzi, na ndani yake ipo sura moja ambayo tungependa kila mganga mfawidhi aisome. Anaeleza kwamba mtu anayesimamia wagonjwa lazima apange mambo kiasi kwamba anachokifanya akiwepo kifanyike pia asipokuwepo. Nesi asiyeweza kuondoka bila mambo kuharibika, kwake yeye, ni dalili ya uongozi mbovu. Tuliposoma hapo tulimkumbuka yule sista wa Jumamosi mchana.

Wananchi walikuwa wamemchangia zaidi ya pauni 40,000. Kwa fedha hizo shule ya wauguzi ilifunguliwa mwaka 1860 katika hospitali ya St Thomas', London. Siku za wanafunzi hazikuwa fupi hata kidogo, na tusimfanye mtetezi wa saa nane, hakuwa. Lakini kila mwanafunzi alipewa chumba chake na kitanda chake, jambo geni wakati ambapo manesi wengi walilala popote, hata kando ya wodi. Wahitimu wake walipelekwa kuanzisha shule nyingine mbali, hata Australia na Kanada.

Tumwongeze Mary Seacole, mwanamke mweusi kutoka Jamaika. Alijitolea kwenda Crimea, maofisa London wakamkatalia, akaenda kwa fedha zake na kufungua nyumba ya kulisha na kutibu askari karibu na Balaclava. Jina lake lilisahaulika kwa miaka mingi. Na kwetu yupo Lucy Lameck wa Moshi, aliyesomea uuguzi zama za mkoloni kabla ya kuingia siasa. Baada ya uhuru akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri mdogo, na baadaye alishika nafasi hiyo kwenye afya. Kuhusu yeye tutaandika siku nyingine.

Wasikilizaji wametuuliza sheria inasemaje. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, Tanzania Bara, inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Ukijumlisha na muda wa ziada, mtu asizidishe saa 12 kwa siku. Muda wa ziada ni kwa makubaliano, usizidi saa 50 katika wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu. Kati ya siku moja ya kazi na nyingine panatakiwa saa 12 za mapumziko. Dharura inaruhusiwa kuvunja mpangilio huo. Tatizo ni pale upungufu wa watumishi unapogeuka kuwa dharura ya kila wiki.

Kwa mgonjwa hili si suala la huruma tu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulionyesha kwamba nesi anayefanya kazi saa 12 na nusu au zaidi kwa mkupuo ana uwezekano wa kukosea mara tatu kuliko wa zamu ya kawaida. Dozi ya sindano husomwa na jicho lile lile lililolala kwenye dirisha la daladala.

Nightingale alifariki usingizini London tarehe 13 Agosti 1910, akiwa na miaka 90. Serikali ilitaka azikwe Westminster Abbey pamoja na wafalme. Ndugu zake wakakataa kwa sababu yeye hakutaka makuu. Alizikwa kijijini East Wellow, karibu na nyumba ya wazazi wake, na kwenye kaburi yapo maandishi machache: herufi F.N., siku ya kuzaliwa na siku ya kufa.