Festo Kivengere, askofu aliyekataa kumwekea Idi Amin kinyongo

Mwaka wa 1977, wakati Waganda wengi walikuwa wakitoroka nchi yao usiku usiku, kilitoka kitabu kimoja chembamba chenye jina lililowachoma watu roho: Nampenda Idi Amin. Aliyekiandika hakuwa kibaraka wa serikali wala mtu aliyekaa mbali na moto. Alikuwa askofu mkimbizi, na miezi michache tu kabla ya hapo kiongozi wake wa kanisa, ambaye pia alikuwa rafiki yake, alikuwa ameuawa mikononi mwa watu wa Amin.

Jina lake lilikuwa Festo Kivengere. Wazazi wako, au nyanya yako, huenda wanamkumbuka. Kwa wengi wetu waliozaliwa juzi ni jina geni, na hiyo ni hasara, kwa sababu kuhusu hili suala la kusamehe mtu aliyekukosea vibaya, huyu mzee alipitia mambo ambayo sisi tunayasikia tu kanisani Jumapili.

Alizaliwa karibu mwaka wa 1919 huko Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, kule kwenye milima inayopakana na Rwanda. Ukoo wake ulikuwa wa wafugaji na machifu, na utotoni alichunga ng'ombe kama watoto wengine wa huko. Alienda shule ya wamisheni, akawa mwalimu. Kanisa alilijua, lakini ujanani aliliacha. Alikuwa kijana msomi, mlevi, mwenye hasira na wazungu waliokuwa wakitawala. Hasira hiyo ilikuwa na sababu zake. Ukoloni ulikuwa ukoloni.

Wakati huo kulikuwa na kitu kinaitwa Uamsho, ambacho kilianzia Gahini, Rwanda, kikavuka hadi Uganda, Kenya na Tanganyika. Waliookoka katika Uamsho walikuwa na tabia moja iliyowaudhi majirani: hawakuishia kuimba Tukutendereza. Walitembea nyumba kwa nyumba wakiungama. Aliyeiba alirudisha. Kivengere mwenyewe alisimulia jinsi mtu mmoja alivyotokea mbele ya mjomba wake chifu akiwa anaswaga ng'ombe, akieleza kwamba aliwaiba na sasa anawarudisha kwa hiari yake. Hakuna askari aliyekuwa amemkamata. Baraza zima lilibaki mdomo wazi.

Mwaka wa 1941 ikawa zamu yake. Siku hiyo alikuwa ametoka kunywa, akiwa njiani kurudi nyumbani, alipokutana na rafiki yake juu ya baiskeli. Rafiki huyo alikuwa ameokoka saa chache tu zilizopita, na alikuwa akimtafuta Festo ili amwombe msamaha kwa mambo waliyoyafanya pamoja. Akamwomba, akapanda baiskeli, akaenda zake. Festo aliachwa hapo barabarani pombe ikimtoka kichwani. Usiku huo alipiga magoti chumbani mwake.

Sasa hapa ndipo stori inakuwa ngumu, maana kuokoka kulimletea deni. Kulikuwa na mzungu mmoja ambaye alimchukia sana. Mzungu huyo aliishi maili 50 kutoka kwake, yaani kama kilomita 80, na wakati huo hakukuwa na matatu ya kukushusha mlangoni. Festo alichukua baiskeli yake akaikanyaga kwenye zile barabara za milimani mpaka akafika. Alimweleza mtu huyo kwamba amekuwa akimchukia, na kwamba amekuja kuomba msamaha kwa chuki hiyo. Walilia wote wawili na kukumbatiana.

Kuna jambo hapo linanisumbua kila nikilifikiria. Mbona aombe msamaha yeye, Mwafrika aliyekuwa chini ya utawala wa watu hao? Je, si mzungu ndiye angepaswa kuendesha baiskeli? Nadhani Kivengere angekubali kwamba mzungu naye alikuwa na madeni yake. Lakini chuki iliyokuwa ndani ya Festo ilikuwa mali ya Festo, na hakuna mwingine angeweza kumbebea akaitupe. Alikwenda kutua mzigo wake mwenyewe. Mizani ya nani kamkosea nani zaidi aliiacha bila kuipima.

Katika miaka ya 1940 alihamia Dodoma, Tanganyika, pamoja na mkewe Mera, akafundisha huko kwa zaidi ya miaka kumi. Kiswahili chake kilikomaa kiasi kwamba Mmarekani Billy Graham alipokuja kuhubiri Afrika Mashariki mwaka wa 1960, Kivengere ndiye aliyekuwa mkalimani wake. Baadaye alienda kusomea theolojia Pittsburgh, Marekani, akapata upadri mwaka wa 1967, na mwaka wa 1972 akawa askofu wa Kigezi.

Lakini usidhani alikuwa malaika. Alizunguka akihubiri na William Nagenda, Mganda mwenzake mwenye kipaji kikubwa, na ikafika wakati akaanza kumwonea wivu. Watu walimsikiliza Nagenda zaidi. Kivengere alianza kutafuta makosa katika mahubiri ya mwenzake, akawa baridi, ule ubaridi unaoujua wewe, wa kumjibu mtu kwa neno moja moja. Hatimaye alimwendea akamwambia wazi kwamba anamwonea wivu, akaomba msamaha. Hebu jaribu kumwambia hivyo beste yako aliyepata kazi kabla yako.

Na kuna ile ya nyumbani, ambayo aliisimulia mara nyingi na watu wakacheka. Alikuwa amekosana na Mera, na muda wa kwenda kuhubiri ulikuwa umefika. Akatoka na Biblia yake. Moyoni akasikia sauti ikimwambia arudi akapatane na mkewe kwanza. Akajitetea kwamba amechelewa, watu wanamsubiri, atapatana naye akirudi. Jibu alilopata moyoni lilikuwa kwamba sawa, aende tu akahubiri, ila Roho Mtakatifu atabaki jikoni na Mera. Mhubiri aligeuza, akarudi jikoni akaomba msamaha, kisha ndipo akaenda kazini.

Nimesimulia haya madogo kwa sababu watu wanapomtaja Kivengere hurukia moja kwa moja mambo ya Amin, kana kwamba siku moja aliamka akiwa shujaa. Hapana. Alikuwa amefanya zoezi hilo miaka 36, kwa wivu, kwa ugomvi wa jikoni, kwa baiskeli.

Amin alipindua serikali Januari 1971. Mwanzoni wengi walishangilia. Mwaka uliofuata alifukuza Wahindi, na wanajeshi wakawa ndio sheria. Februari 1973, katika uwanja wa Kabale, mji wa Kivengere mwenyewe, watu watatu wa dayosisi yake walipigwa risasi hadharani mbele ya umati ulioamriwa kuja kutazama. Askofu aliomba ruhusa kuzungumza nao kabla ya kuuawa. Alikwenda akiwa hajui atasema nini. Kumbe wao ndio waliomtangulia: nyuso zao zilikuwa zimetulia, wakamweleza kwamba wamempokea Kristo na hawana hofu. Aligeuka akawatafsiria askari wenye bunduki maneno hayo. Wale watu walikufa wakipungia umati mikono yao iliyofungwa pingu.

Mauaji yaliendelea. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba hadi watu 300,000 waliuawa katika miaka minane ya Amin. Na hapa naomba tuelewane vizuri, kwa sababu kuna wanaodhani kusamehe ni kunyamaza. Kivengere hakunyamaza. Mapema Februari 1977 wanajeshi walipovamia nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum, maaskofu waliandika barua kali ya kulalamika kwa Amin, na Kivengere alikuwa miongoni mwao.

Tarehe 16 Februari maaskofu waliitwa Kampala. Silaha zilianikwa uani, na Luwum akatuhumiwa kwamba alipanga mapinduzi. Maaskofu wengine waliambiwa waende nyumbani. Luwum aliambiwa abaki. Kivengere na wenzake walijaribu kumsubiri nje, wakafukuzwa. Kesho yake redio ikatangaza kwamba askofu mkuu na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Hakuna aliyeamini. Miili ilikuwa na matundu ya risasi.

Siku chache baadaye Kivengere alionywa kwamba wanajeshi wanamtafuta yeye. Yeye na Mera waliondoka usiku kwa gari, kisha wakaliacha na kupanda mlima kwa miguu gizani hadi wakavuka kuingia Rwanda. Alikuwa na karibu miaka 58.

Uhamishoni ndiko kinyongo kilikomkuta. Alikiri mwenyewe kwamba alianza kuwa na uchungu juu ya Amin, na uchungu huo ulizidi kukua kila alipopata habari za nyumbani. Sala zilikuwa nzito. Mahubiri aliyoyatoa mbele za watu hayakuwa na uhai ndani yake. Fikiria hali hiyo: uko salama, una chakula, adui yako hawezi kukufikia, na bado yeye ndiye anayeamua unalala saa ngapi.

Ijumaa Kuu mwaka huo aliingia kanisa la All Souls, katikati ya London. Liliposomwa simulizi la Yesu msalabani akiwaombea msamaha waliokuwa wakimgongomea misumari, Kivengere alikwama hapo. Aligundua kwamba sala ile haikusubiri askari wale watubu. Walikuwa bado na nyundo mkononi. Ndani yake likaja swali: je, kama Amin angekuwa mmoja wa askari wale, Yesu angemruka? Alijua jibu. Aliomba kwanza asamehewe chuki yake, kisha akamsamehe Amin, hapo hapo kwenye benchi la kanisa.

Kitabu kikafuata, na lawama pia. Wakimbizi waliopoteza baba na kaka walikiona kama tusi. Siwalaumu. Mtu akiua ndugu yako halafu askofu atangaze kwamba anampenda, utameza vipi? Kivengere alieleza kwamba hakuwa akiidhinisha hata tendo moja la Amin, na aliendelea kuyashutumu popote alipoalikwa. Alipoulizwa angefanya nini kama angepewa bunduki na Amin akae mbele yake, alisema angemkabidhi Amin hiyo bunduki, kwa kuwa ni silaha ya Amin. Yake yeye ni upendo. Unaweza kubishana na jibu hilo hadi asubuhi. Mimi mwenyewe sina hakika ningeweza kulitoa.

Kampala ilitekwa Aprili 1979, Amin akatoroka, na Kivengere akarudi Kabale mwaka uo huo. Alikuta nchi yenye kiu ya kisasi. Mwezi Juni, katika eneo jirani la Ankole, Waislamu waliuawa na majirani zao kwa sababu tu Amin alikuwa Mwislamu. Wanawake na watoto hawakusazwa. Waliofanya hivyo wengi wao walijiita Wakristo. Askofu alihubiri msamaha katika mazingira hayo, ambapo neno lenyewe lilionekana la kipumbavu, huku akisaidia kutafuta mahitaji ya wakimbizi waliokuwa wakirejea. Mwaka wa 1983 aliwapa upadri wanawake watatu, jambo ambalo Waanglikana wengi duniani hawakuwa tayari kulifanya, nalo likamletea wapinzani wapya.

Saratani ya damu ilimuua Mei 1988 hapa jijini Nairobi, akazikwa Kabale. Wakati huo Idi Amin alikuwa hai na mzima huko Jeddah, Saudi Arabia, akiishi kwa posho ya serikali. Aliishi miaka mingine 15, hadi Agosti 2003. Hakuwahi kufikishwa kortini, wala hakuwahi kuomba msamaha.