Ole Kirk Christiansen: Seremala aliyewaachia watoto matofali ya kuundia vyombo vya angani

WAHENGA walinena kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hiyo ilitoka kwa watu wa bahari na majahazi, lakini yafaa pia kwa chombo cha angani kilichoundwa kwa matofali madogo ya plastiki, kikawekwa mezani mabawa yametandazwa na kioo cha chumba cha rubani kikimeta.

Anayekitazama husifu ubunifu wa aliyekiunda, na sifa hiyo ni haki. Ni nadra hata hivyo amkumbuke seremala mmoja wa Denmark ambaye maisha yake yalijaa moto, madeni na misiba, na ambaye bila ukaidi wake matofali hayo yasingekuwepo.

Seremala huyo ni Ole Kirk Christiansen, mwasisi wa kampuni ya Lego.

Alizaliwa Aprili 7, 1891 katika eneo la Filskov, kwenye rasi ya Jutland, katika familia kubwa iliyoishi kwa kilimo na isiyokuwa na mali. Alijifunza useremala kwa kaka yake, kisha akaenda kutafuta kazi Ujerumani na Norway.

Mnamo 1916 alirejea nyumbani na kununua karakana ya mbao katika kijiji cha Billund, ambacho wakati huo hakikuwa na lolote la kukitambulisha. Mwaka huo huo alimwoa Hansine Sørensen, ambaye walikuwa wamejuana Norway. Walijaliwa wavulana wanne.

Kazi yake ilikuwa kujenga nyumba za wakulima wa eneo hilo na kuwatengenezea milango, madirisha na samani. Alikuwa mcha Mungu, mcheshi na mwenye sifa ya kutokubali kazi iliyofanywa nusunusu.

Msiba wa kwanza ulimfika mwaka wa 1924. Wanawe wawili walikuwa wakijaribu kuwasha jiko la kupashia gundi, moto ukashika maranda ya mbao, na kabla ya watu kuuzima, karakana na makao ya familia yakateketea. Christiansen alijenga upya, tena jengo kubwa kuliko la awali.

Hakuwa amepumua vyema wakati mdororo wa uchumi ulioanza Marekani mwaka wa 1929 ulipoifikia Denmark. Bei za mazao zilianguka, na mkulima asiyepata fedha hajengi nyumba. Wateja walipotea, na seremala akalazimika kuwaachisha kazi mafundi wake.

Mwaka wa 1932 aliamua kutengeneza vitu vidogo ambavyo watu wangeweza kumudu hata katika dhiki: ngazi, meza za kupigia pasi na vitu vya watoto kuchezea. Katika mwaka huo huo mkewe alifariki dunia, akamwachia wavulana hao wanne na karakana iliyokuwa ikizama katika madeni.

Alipowaendea ndugu zake wamdhamini apate mkopo, walikubali kwa shingo upande. Walimtaka aachane na vitu vya kuchezea, wakidhani kwamba mtu mzima mwenye watoto wa kulisha hafai kupoteza mbao kwa upuuzi. Christiansen alizichukua fedha hizo na kuendelea na vitu vya kuchezea.

Wakati huo yoyo zilivuma ghafla Denmark, naye akazitengeneza kwa wingi. Uvumi huo ulikufa upesi kama ulivyozuka, akabaki na shehena isiyo na mnunuzi. Badala ya kuzitia motoni, alizipasua katikati na kuzigeuza magurudumu ya malori ya mbao. Hasara ikawa bidhaa.

Mwaka wa 1934 aliipa biashara yake jina jipya, Lego, lililotokana na maneno mawili ya lugha ya Denmark, leg godt, yenye maana ya cheza vizuri. Mwaka huo pia alioa tena, safari hii akimwoa Sofie Jørgensen, na baadaye wakapata binti.

Kisa kinachosimuliwa sana kumhusu ni cha bata wa mbao. Mwanawe Godtfred, aliyeanza kufanya kazi karakanani akiwa na umri wa miaka 12, alirudi siku moja kutoka kituo cha garimoshi akiwa amejaa furaha. Alikuwa amepeleka shehena ya bata, na alimweleza baba yake kwamba alikuwa ameokoa fedha kwa kuwapaka vanishi mara mbili badala ya mara tatu.

Baba hakumpongeza. Alimwamuru arejee kituoni, awachukue bata hao, awapake tena na kuwafunga upya peke yake, hata ikiwa kazi hiyo ingemkesha. Mteja asingeona upungufu huo, lakini aliyewatengeneza aliujua, na kwa Christiansen hilo lilitosha. Baadaye kijana huyo alichonga ubao wa kuning'inizwa karakanani, uliowakumbusha mafundi kuwa hata kilicho bora kabisa hakizidi ubora unaostahili.

Mnamo 1942, nchi ikiwa chini ya uvamizi wa Ujerumani, moto ulikiteketeza kiwanda kwa mara nyingine. Mtu aliyekwisha kuzika mke na kupoteza karakana angeweza kusema yamefika kikomo. Yeye alijenga kiwanda kipya.

Baada ya vita, seremala huyu aliyeishi kwa mbao alifanya jambo lililowashangaza hata watu wa karibu naye. Mwaka wa 1946 aliagiza kutoka Uingereza mashine ya kumimina plastiki iliyoyeyushwa ndani ya kalibu, iliyofika mwaka uliofuata. Ilikuwa ghali mno kwa kiwanda cha kijijini, na wengi waliamini kuwa plastiki haingeweza kamwe kushindana na mbao.

Wazo la tofali lenyewe halikuwa lake tangu mwanzo, na haki yadai lisemwe hivyo. Mwingereza Hilary Fisher Page alikuwa tayari amebuni matofali ya plastiki yenye vinundu juu, yaliyouzwa kwa jina la Kiddicraft. Christiansen na Godtfred waliyaona, wakayarekebisha, na mwaka wa 1949 wakaanza kuuza yao. Page alifariki mwaka wa 1957, na ilipofika 1981 kampuni ya Lego ilinunua haki zilizosalia za Kiddicraft.

Matofali hayo ya kwanza hayakuvuma. Yalikuwa matupu ndani na hayakushikana barabara, hivyo kilichojengwa kwayo kiliporomoka kwa urahisi.

Godtfred ndiye aliyeona njia ya kutokea. Mwaka wa 1954, akiwa safarini kuhusiana na maonyesho ya biashara Uingereza, alizungumza na mnunuzi wa duka kubwa aliyelalamika kuwa vitu vya kuchezea havikuwa na utaratibu wowote wa kuviunganisha. Mwaka uliofuata kampuni ilizindua mfumo ambao kila tofali lingeoana na jingine.

Ilibaki dosari ya kushikana. Jibu lilipatikana kwa kuweka mirija ndani ya tofali ili ivibane vinundu vya tofali la chini. Ombi la hataza ya uvumbuzi huo liliwasilishwa jijini Copenhagen mnamo Januari 28, 1958.

Wiki sita baadaye, Machi 11, 1958, Ole Kirk Christiansen alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 66. Sputnik, setilaiti ya kwanza kutengenezwa na binadamu, ilikuwa imerushwa Oktoba 1957. Alifariki basi enzi ya anga ikiwa na miezi mitano tu, bila kujua kuwa matofali yake yangeifuata huko.

Mwaka wa 1960 moto mwingine uliharibu ghala la bidhaa za mbao, na Godtfred, aliyekuwa sasa akiongoza kampuni, akaachana na mbao kabisa. Mnamo 1978 mbunifu Jens Nygaard Knudsen aliwaletea watoto wanasesere wadogo wenye mikono na miguu inayosogea, wakiwemo wanaanga, pamoja na vyombo vyao vya angani. Mwaka wa 1979 kikafuata kile kilichoitwa Galaxy Explorer, chenye mabawa ya buluu na vioo vya manjano, ambacho watu wazima wengi hukikumbuka hadi leo.

Hata hivyo, chombo kinachothaminiwa zaidi na waundaji si kile kinachonunuliwa na maelekezo yake ndani ya boksi. Ni kile ambacho mtu amekibuni mwenyewe, na hapo ndipo mafunzo ya seremala yule huonekana.

Muundaji huanza kwa kuamua ukubwa, kwa kawaida akiupima kwa mwanasesere atakayekuwa rubani. Kisha hujenga kiunzi cha ndani ambacho hakuna atakayekiona. Akikifanya kwa pupa, mabawa hulegea na chombo huvunjika kinapoinuliwa. Kiunzi hicho ndicho vanishi ya tatu ya bata.

Baada ya hapo huja hesabu. Bamba moja lina unene wa milimita 3.2, yaani theluthi ya kimo cha tofali. Mabamba matano yakipangwa hufikia milimita 16, sawa kabisa na upana wa tofali lenye vinundu viwili. Kwa kulijua hilo, muundaji aweza kuyageuza matofali yakaelekea pembeni, na ubavu wa chombo ukaungana na sakafu yake bila kuacha mwanya.

Mwisho huja mapambo ya nje. Gurudumu lisilo na mpira hugeuka tundu la injini, bomba dogo likawa antena, na bawaba ya mlango ikainua bawa la chombo. Kila kipande kilitengenezwa kwa kazi nyingine, kama zile yoyo zilizopasuliwa zikawa magurudumu ya malori.

Mwanahisabati Søren Eilers wa Chuo Kikuu cha Copenhagen alipata kuwa matofali sita tu ya aina moja, yenye vinundu vinane kila moja, yaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765. Chombo kimoja cha angani huweza kuwa na mamia au maelfu ya vipande, kwa hivyo hakuna sababu ya wawili kuunda kinachofanana.

Mnamo Agosti 2011 shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lilirusha chombo cha Juno kuelekea sayari ya Jupita, ambako kiliwasili mwaka wa 2016. Ndani yake mlikuwa na wanasesere watatu wa Lego waliotengenezwa kwa alumini, mmoja wao akiwa mfano wa mwanasayansi Galileo. Jina lililobuniwa katika karakana ya Billund likawa limefika kweli kwenye anga za mbali.

Tofali lililotengenezwa mwaka wa 1958 bado hushikana na lililotoka kiwandani leo. Mtoto anayeunganisha bawa la chombo chake kwa matofali aliyorithi kwa babu yake hana haja ya kulijua jina la Christiansen ili bawa hilo lishike. Lakini akiuliza ni kwa nini halianguki, ajibiwe kwamba palikuwa na seremala aliyekataa kupaka vanishi mara mbili pale palipohitajika tatu.