King Oliver: Mfalme wa jazi aliyemaliza siku zake kwa ufagio

Mnamo mwaka 1937, Louis Armstrong alifika mjini Savannah, katika jimbo la Georgia, kutumbuiza na bendi yake. Wakati huo jina lake lilikuwa limevuma kote Marekani na Ulaya. Mjini humo alimkuta mzee mmoja akiuza mboga kwenye kibanda ili apate riziki.

Mzee huyo alikuwa Joseph Oliver, maarufu kama King Oliver, mwalimu wake na mtu aliyemtoa New Orleans na kumpeleka Chicago miaka 15 awali. Armstrong na wenzake walitoa fedha walizokuwa nazo mifukoni wakampa. Jioni hiyo, kwa masimulizi ya Armstrong mwenyewe, Oliver aliingia ukumbini akiwa amevalia nadhifu mno, kana kwamba onyesho lilikuwa lake.

Kuna wakati ambapo kila onyesho lilikuwa lake kweli.

Oliver alizaliwa Louisiana katika miaka ya 1880 na kulelewa jijini New Orleans. Alipoteza jicho moja akiwa bado mdogo, na mara nyingi alipiga akiwa ameinamisha kofia upande huo. Chombo chake kilikuwa korneti, ambayo ni tarumbeta fupi yenye sauti nzito kidogo, na aliipiga katika bendi za matarumbeta zilizosindikiza mazishi na maandamano mchana, kisha usiku katika kumbi za densi.

Katika bendi ya mpiga tromboni Kid Ory ndimo alimopata jina la Mfalme. New Orleans haikugawa cheo hicho ovyo. Mpiga korneti aliyeitwa mfalme alitarajiwa kuwashinda wenzake hadharani, barabarani, mbele ya umati.

Miongoni mwa waliomfuata nyuma akipiga alikuwa kijana maskini, Louis Armstrong. Mkewe Oliver alimtuma dukani, na mumewe akamlipa kwa mafunzo. Baadaye alimpa pia korneti yake kuukuu. Armstrong hakusahau hisani hiyo, na hadi uzeeni alimtaja Oliver kwa jina la heshima la baba.

Mwezi Novemba 1917 mtaa wa Storyville, uliokuwa na madanguro na kazi tele kwa wanamuziki, ulifungwa kwa shinikizo la jeshi la wanamaji. Weusi wengi wa Kusini walikuwa tayari wakihamia miji ya viwanda ya Kaskazini, na Oliver akafuata mkondo huo hadi Chicago. Kiti chake katika bendi ya Ory kilichukuliwa na Armstrong.

Kufikia 1922 Oliver alikuwa akiongoza Creole Jazz Band katika ukumbi wa Lincoln Gardens, upande wa kusini wa jiji hilo. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyezoea bendi kama Dar es Salaam Jazz au Shirati Jazz atakumbuka kwamba huku neno jazi lilibandikwa bendi yoyote ya densi. Lincoln Gardens nako, watu walikwenda kucheza. Bendi iliyoshindwa kuwainua vitini haikudumu.

Mwezi Agosti mwaka huo Oliver alimwita Armstrong aje awe mpiga korneti wa pili. Uamuzi huo una la kutafakarisha. Kiongozi aliyekuwa kileleni alimleta kando yake kijana ambaye, kwa sikio lake la ufundi, lazima alijua angempita.

Wawili hao waliwashangaza Chicago nzima. Bendi ilipokatiza ghafla, walipiga pamoja vipande vifupi kwa sauti mbili zilizooana bila kusoma noti yoyote, na wanamuziki waliokuja kusikiliza hawakuelewa walivyopatana. Siri ilikuwa kwamba Oliver alimdokezea Armstrong mapema kile alichonuia kupiga, naye kijana akatafuta sauti ya kuandamana nacho.

Mnamo Aprili 5 na 6, 1923, bendi hiyo ilisafiri hadi Richmond, Indiana, kurekodi kwa kampuni ya Gennett, iliyomilikiwa na watengenezaji wa piano wa Starr. Studio ilikuwa kandokando ya reli, na treni ilipopita kazi ilisimama. Jimbo la Indiana lilikuwa ngome ya Ku Klux Klan miaka hiyo, na kampuni iyo hiyo ilitengeneza pia santuri za wafuasi wa kundi hilo kwa oda. Fedha za biashara hazikubagua.

Vipaza sauti vya umeme vilikuwa bado havijaingia studioni. Wanamuziki walikusanyika mbele ya pembe kubwa iliyobeba mawimbi ya sauti hadi kwenye sindano, nayo sindano ikachora mfereji kwenye nta. Ngoma kubwa ingeirusha sindano, kwa hivyo Baby Dodds alizuiwa kuipiga na akabaki na vipande vya mbao. Sauti za chini zilipotea. Kila wimbo ulilazimika kumalizika ndani ya dakika tatu hivi, ilhali ukumbini wimbo mmoja uliendelea mradi wachezaji hawajachoka.

Mpiga piano Lil Hardin, aliyeolewa na Armstrong mwaka uliofuata, alisimulia kwamba kijana huyo aliamriwa asimame mbali na pembe kwa sababu sauti yake ilimfunika Oliver. Umbali huo ulimfungua macho Lil Hardin: kama Louis alihitaji kurudishwa nyuma kiasi hicho, basi alikuwa amemzidi mwalimu wake.

Nyimbo tisa zilizotoka katika siku hizo mbili ni hazina. Katika Chimes Blues Armstrong anasikika akipiga peke yake kwa mara ya kwanza kwenye santuri. Lakini kilele ni Dipper Mouth Blues, ambamo Oliver anapiga beti tatu mfululizo akifunga na kufungua mdomo wa korneti kwa kizibo, hata chombo kinalia kama mtoto na kunung'unika kama mtu mzima. Wapiga tarumbeta wengi walijifunza beti hizo noti kwa noti.

Mwaka huo bendi ilirekodi pia kwa kampuni za OKeh, Columbia na Paramount, zaidi ya nyimbo 30 kwa jumla. Kisha ikavunjika. Ndugu wawili, Johnny na Baby Dodds, walimshuku Oliver kwamba alizuia malipo yao ya santuri, nao wakajiondoa mapema 1924. Armstrong alibaki kwa muda, kisha mkewe akamhimiza asiendelee kukaa kivulini. Kufikia mwishoni mwa mwaka alikuwa New York katika bendi ya Fletcher Henderson.

Oliver hakukata tamaa. Mwezi Desemba 1924 alirekodi nyimbo mbili na mpiga piano Jelly Roll Morton, wakiwa wawili tu, na mwaka 1925 akaunda Dixie Syncopators, bendi kubwa yenye saksafoni iliyopiga katika ukumbi wa Plantation. Santuri zake za mwaka 1926, kama vile Snag It na Someday Sweetheart, zilinunuliwa kwa wingi.

Mwaka 1927 alihamia New York, na huko ndiko alikofanya uamuzi uliomponza. Klabu ya Cotton, Harlem, ambayo wateja wake walikuwa wazungu na watumbuizaji wake weusi, ilimpa nafasi ya kuwa bendi ya kudumu. Oliver alipiga hesabu, akaona malipo hayatoshi kwa watu wake, akakataa.

Nafasi hiyo ilimwendea Duke Ellington, aliyeanza huko Desemba 1927. Redio ilitangaza muziki wa klabu hiyo nchini kote, na Ellington akawa nyota.

Ni rahisi kumcheka Oliver leo. Hata hivyo, alikuwa amezoea kutaja bei na kulipwa, na kiongozi anayekataa watu wake wapunjwe hana aibu. Kinachouma ni kwamba sauti iliyowavutia wasikilizaji wa Ellington ilikuwa kwa sehemu kubwa yake mwenyewe. Bubber Miley, mpiga tarumbeta wa Ellington, alikuwa amemsikia Oliver jijini Chicago na kutoka hapo akashika njia ya kizibo na mngurumo. Muda mfupi baadaye Barney Bigard, mpiga klarineti wa Oliver, naye akajiunga na Ellington.

Jambo kama hilo lilijirudia mwezi Juni 1928. Oliver alirekodi wimbo wake, West End Blues. Wiki chache tu baadaye Armstrong aliurekodi kwa utangulizi wa tarumbeta ambao unahesabika kati ya vipande bora zaidi vya muziki wa karne ya 20. Santuri ya mtunzi ikasahaulika.

Wakati huo mwili ulikuwa umeanza kumsaliti. Oliver alipenda sukari kupita kiasi, hata kuiweka ndani ya mkate, na ugonjwa wa fizi ukamlegeza meno. Mpiga korneti asiye na meno imara ni sawa na mkimbiaji aliyevunjika mguu. Alirekodi kwa kampuni ya Victor kuanzia 1929, lakini sehemu nyingi za tarumbeta aliwaachia wengine, akiwemo mpwawe Dave Nelson. Mwaka 1931 alirekodi kwa mara ya mwisho.

Akiba yake ilipotea benki ilipoanguka katika msukosuko wa uchumi. Alizunguka Kusini na bendi za vijana ndani ya basi bovu, na miongoni mwa waliopita mikononi mwake alikuwa Lester Young, ambaye baadaye angekuwa gwiji wa saksafoni. Wanamuziki walimtoroka mmoja mmoja kwa kukosa mshahara. Hatimaye alikwama Savannah, akauza mboga, kisha akaajiriwa kufagia ukumbi wa mchezo wa pool.

Mwaka 1937, Benny Goodman, aliyekuwa na bendi iliyopendwa zaidi Marekani, alirekodi Sugar Foot Stomp. Huo ni Dipper Mouth Blues kwa jina jipya.

Katika barua kwa dada yake aliyeishi New York, Oliver alieleza kwamba shinikizo la damu lilimsumbua na hakuwa na fedha za matibabu. Alimwambia pia kwamba ameanza kuweka senti kando za kununua tikiti ya kwenda kwake. Alikuwa amefikisha dola 1.60.

Alifariki Savannah mwezi Aprili 1938. Dada yake alitumia pesa za kodi ya nyumba kuusafirisha mwili hadi New York, ambako alizikwa katika makaburi ya Woodlawn, mtaani Bronx. Hazikubaki za kununulia jiwe la kaburi.