Padri Albert Joubert wa Fizi

Ukitoka Uvira na kufuata ufuko wa Ziwa Tanganyika kwenda kusini, utafika Baraka, mji wa wavuvi. Kutoka hapo njia inaacha ziwa na kupanda milimani mpaka Fizi, katika nchi ya Wabembe. Ndiko alikofia Padri Albert Joubert. Lakini habari zake zinaanza kusini zaidi, upande wa Moba.

Zamani za biashara ya utumwa, vijiji vya ufuko ule havikuwa na amani. Wenye bunduki walikuja, wakachoma nyumba, wakawafunga watu na kuwavusha ng'ambo ya ziwa. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe, akatafuta watu wa kuzilinda misioni. Mmoja wao alikuwa Mfaransa, Kapteni Joubert, aliyekuwa kwanza askari wa Baba Mtakatifu. Tangu mwaka 1887 alikaa Mpala, akawafundisha vijana kuvilinda vijiji vyao, na wengi waliokimbia watekaji wakapata kimbilio kwake.

Kapteni huyo hakurudi kwao. Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakao, mwanamke wa nchi ile, kwa ndoa ya Kanisa. Jambo hilo lilikuwa geni. Wazungu wengi waliozaa na wanawake wa Kiafrika hawakuwaoa, wala watoto hawakupewa jina la baba. Watoto wa Joubert walipewa.

Albert alizaliwa Mrumbi, karibu na Moba, tarehe 18 Oktoba 1908. Wakati huo baba yake alikuwa na umri wa miaka 66. Silaha zilikuwa zimekwisha kuwekwa, na mzee alikuwa akifundisha katekisimu na kuwatibu wagonjwa. Katika nchi ile ile alitoka Padri Stefano Kaoze, Mkongo wa kwanza wa siku hizo kupewa upadri, mwaka 1917. Albert alikuwa na miaka 8 tu. Yeye naye akashika njia hiyo. Kapteni alifariki mwaka 1927, asiione siku ya mwanawe, maana Albert alipewa upadri tarehe 6 Oktoba 1935.

Kwa miaka mingi Padri Albert alihudumu katika misioni za mashariki ya Kongo. Mwishowe alikaa Fizi, katika jimbo jipya la Uvira lililoanzishwa mwaka 1962. Paroko wake alikuwa Padri Giovanni Didonè, Mwitalia wa shirika la Mtakatifu Fransisko Saveri, aliyezaliwa mwaka 1930. Basi mzee alikuwa chini ya kijana, na hilo si jambo rahisi kwa kila mtu.

Mwaka 1964 vita viliingia. Mwezi wa Mei waasi walioitwa Simba waliuteka mji wa Uvira. Askofu Danilo Catarzi na wamisionari wengine walishikwa huko kama mateka mpaka mwezi wa Oktoba, askari wa serikali walipoutwaa tena mji. Fizi na Baraka zilibaki mikononi mwa Simba, na mapadri wakabaki humo pamoja na waumini wao.

Kukaa Fizi miezi ile kulikuwa kukaa mbele ya macho ya watu wote. Simba walimdhania kila Mzungu kuwa adui, na Padri Albert alikuwa mwana wa Mzungu na wa Mwafrika; uso wake wenyewe ulisema hivyo, hata kama angevua kanzu. Hakuwa na mahali pa kujificha. Akabaki padri, mchana kweupe.

Tarehe 24 Novemba askari wa Ubelgiji walishuka kwa miavuli Stanleyville, mji unaoitwa leo Kisangani, ili kuwaokoa Wazungu waliokuwa mateka. Hasira ya Simba ikazidi kila mahali.

Siku nne baadaye ilikuwa Jumamosi, na kesho yake Jumapili ya kwanza ya Majilio. Huko Baraka Padri Luigi Carrara alikuwa kanisani akiwaungamisha watu. Mchana gari la waasi likasimama mbele ya kanisa. Mkubwa wao akamwamuru Bruda Vittorio Faccin apande. Bruda akakataa, akapigwa risasi, akafa. Padri Carrara akatoka, akaona, naye akaambiwa apande. Hakupanda. Akapiga magoti kando ya mwili wa ndugu yake, na hapo hapo akauawa.

Kisha gari likapanda milima kwenda Fizi. Lilifika jioni. Waasi wakabisha mlangoni pa misioni. Padri Didonè akatoka, wakampiga risasi. Padri Albert alikuwa nyuma yake, wakampiga naye. Alikuwa na umri wa miaka 56, na katika hiyo 29 alikuwa padri.

Miaka 60 ikapita. Tarehe 18 Agosti 2024 Kardinali Fridolin Ambongo, kwa jina la Baba Mtakatifu Fransisko, aliwatangaza wote wanne kuwa Wenye Heri. Watatu walikuwa Waitalia. Padri Albert peke yake alizaliwa kando ya Ziwa Tanganyika. Misa hiyo haikufanyika Roma, bali Uvira.