Henry Chadwick, mtu aliyefundisha watu kuandika mchezo

Leo mtu anaweza kuuliza kompyuta ni nani alipiga mpira vizuri zaidi katika besiboli ya Marekani mwaka wa 1876, na jibu linatoka palepale, hata na mchoro wake. Kompyuta haikuwa uwanjani. Inasoma tu kile watu waliandika, na mtu aliyewazoeza kuandika ni Henry Chadwick.

Alizaliwa Exeter, inchi ya Uingereza, tarehe 5 Oktoba 1824. Mwaka wa 1837 wazazi walimpeleka Brooklyn, karibu na New York. Kaka yake wa baba mmoja, Edwin, alibaki Uingereza. Huyo ndiye alipanga hesabu za vifo kuonyesha serikali kwamba uchafu wa miji ulikuwa unaua maskini.

Henry akawa mwandishi wa habari za kriketi. Mwaka wa 1856, kule Hoboken, alisimama kutazama besiboli: mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne. Ulimshika moyo.

Majedwali mafupi ya mechi yalikuwa katika magazeti tangu 1845, lakini yalisema kidogo. Chadwick aliyapanua. Kila mchezaji akapata mstari wake: amekimbia mara ngapi mpaka mwisho, amepiga vizuri mara ngapi, ametoa wapinzani wangapi, amekosea mara ngapi. Mpigaji aliyeshindwa kugusa mpira alimwandikia herufi K, na alama hiyo inatumika mpaka leo. Kwa hiyo mchezaji asiye na jina kubwa aliweza kuonekana kwa kazi yake, na mwenye sifa za bure naye akaonekana.

Lakini kalamu yake ilikuwa na upofu wake. Mrushaji akirusha vibaya mara nyingi, mpigaji anapewa kituo cha kwanza bila kupiga. Chadwick aliona hilo ni kosa la mrushaji tu, hakumpa mpigaji sifa yoyote. Uvumilivu wa kungoja mpira muzuri ukakaa miaka mingi bila thamani, mpaka wachambuzi wa baadaye walipohesabu upya na kukuta kwamba wachezaji hao walikuwa wanaletea ekipi ushindi.

Katika uzee wake alibishana pia juu ya asili ya mchezo. Yeye alisema umetoka katika mchezo wa watoto wa Uingereza. Tume moja ya Marekani ilipendelea kumpa sifa jenerali Abner Doubleday, bila ushahidi wa maandishi. Wanahistoria baadaye waliikataa hadithi hiyo.

Chadwick alikufa Brooklyn tarehe 20 Aprili 1908, akiwa na miaka 83. Tangu 1989 shirika la Retrosheet linakusanya karatasi za mechi za zamani na kuziingiza katika kompyuta. Mechi ambayo hakuna mtu aliiandika, ao karatasi yake ilipotea, haina jibu mpaka leo.