Jeanne Jugan: Mtumishi wa jikoni aliyempa ajuza kitanda chake

ABIRIA wanaosafiri kutoka Thika kwenda Nairobi hupitia Juja, Ruiru na Kahawa kabla ya kufika Kasarani. Wengi wao hawajui kwamba katika eneo hilo, kando ya barabara kuu, kuna makao yaitwayo Nyumba ya Wazee, ambamo wakongwe wasio na wa kuwatunza hulishwa, huogeshwa na kuuguzwa hadi siku yao ya mwisho.

Makao hayo huendeshwa na watawa wa shirika la Masista Wadogo wa Maskini. Mwanamke aliyeanzisha shirika hilo hakuwahi kukanyaga ardhi ya Afrika. Hakuwa tajiri wala msomi, na kwa miaka mingi jina lake lilifutwa katika historia ya kazi aliyoianzisha kwa mikono yake mwenyewe. Aliitwa Jeanne Jugan.

Alizaliwa Oktoba 25, 1792, katika mji wa wavuvi wa Cancale, pwani ya Brittany, kaskazini magharibi mwa Ufaransa. Nchi hiyo ilikuwa katikati ya misukosuko ya Mapinduzi, na maisha ya maskini yalikuwa magumu kupindukia. Baba yake alikuwa mvuvi. Siku moja alitweka tanga asirudi tena, na Jeanne akabaki mtoto mdogo asiyemkumbuka vyema. Mama alilazimika kufanya vibarua ili watoto wapate chakula.

Alipofika umri wa miaka 16 hivi, Jeanne aliajiriwa kuwa mtumishi wa jikoni katika nyumba ya tajiri mmoja. Bibi wa nyumba hiyo alikuwa na desturi ya kuwatembelea wagonjwa na maskini, naye alimchukua binti huyo katika safari zake. Huko ndiko Jeanne alikoonja kwa mara ya kwanza kazi ambayo ingeyajaza maisha yake. Baharia mmoja alimposa, lakini alikataa kuolewa.

Mwaka wa 1817, akiwa na umri wa miaka 25, alihamia mji jirani wa Saint-Servan na kupata kazi ya uuguzi katika hospitali ya Rosais. Hospitali ilifurika wagonjwa, na wauguzi walikuwa wachache. Alifanya kazi hiyo kwa muda wa miaka sita hivi, mpaka nguvu zikamwishia. Baada ya hapo alikaa miaka 12 na mwanamke mcha Mungu aliyeitwa Françoise Lecoq, kwanza akiwa mtumishi, baadaye akiwa zaidi ya dada. Alimuuguza hadi alipofariki mwaka wa 1835.

Hivyo Jeanne alifika umri wa makamo bila mume, bila mtoto wala mali ya kutajwa. Alipanga nyumba ndogo pamoja na mwanamke mzee aliyeitwa Françoise Aubert, na msichana yatima akajiunga nao. Walijipatia riziki kwa kusokota nyuzi na kufua nguo za watu.

Ndipo ukaja majira ya baridi ya mwaka wa 1839. Saint-Servan ulikuwa umejaa ombaomba, wengi wao wajane wa mabaharia waliopotelea baharini kama babake Jeanne. Miongoni mwao alikuwa Anne Chauvin, ajuza kipofu aliyekuwa amepooza sehemu ya mwili na ambaye hakuwa na mtu wa kumtazama. Jeanne, wakati huo akiwa na umri wa miaka 47, alimbeba na kupanda naye ngazi nyembamba za nyumba yake, akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe. Yeye akaenda kulala darini.

Hapakuwa na katiba ya shirika, wala mfadhili, wala mpango. Palikuwa na kitanda kimoja kilichohama kutoka kwa mwenye nguvu kwenda kwa asiye nazo. Muda si muda akaletwa mzee wa pili. Nyumba ikawa ndogo. Mwaka wa 1841 walihamia ukumbi uliokuwa zamani kilabu cha pombe, wakatunza wazee 12. Mwaka uliofuata walinunua jengo lililokuwa nyumba ya watawa, na idadi ikaendelea kupanda.

Kuwalisha watu wengi kiasi hicho kulihitaji zaidi ya mshahara wa kufua nguo. Wazee hao walikuwa wamezoea kuomba barabarani, hali iliyowadhalilisha na kuwaangamiza kwa baridi. Jeanne aliamua kuomba kwa niaba yao. Alichukua kikapu, akapita mlango hadi mlango akikusanya mkate, kuni, nguo kuukuu na sarafu. Inasimuliwa kwamba tajiri mmoja alimzaba kofi, naye akamjibu kwa upole kwamba hilo lilikuwa fungu lake mwenyewe, kisha akauliza fungu la maskini wake liko wapi.

Mwaka wa 1845, Akademia ya Ufaransa ilimtunuku Tuzo ya Montyon, iliyotolewa kwa raia maskini waliofanya tendo la wema wa kipekee. Pesa za tuzo hiyo, faranga 3,000, ziliingia katika kazi ya wazee. Makao mengine yalifunguliwa Rennes, Dinan, Tours na kwingineko, na mwaka wa 1851 shirika likavuka bahari hadi London.

Lakini wakati sifa zake zilipokuwa zikienea nje, ndani ya nyumba mambo yalikuwa yamegeuka. Desemba 1843 wenzake walikuwa wamemchagua tena kuwa mkuu wao. Siku chache baadaye padri kijana aliyewasimamia, Auguste Le Pailleur, aliufuta uchaguzi huo kwa amri yake na kumteua Marie Jamet, msichana wa miaka 23. Jeanne alirudishwa kwenye kikapu chake. Aliendelea kuomba, na kila makao mapya yalipokumbwa na madeni, ndiye aliyetumwa kuyaokoa.

Mwaka wa 1852 hata kikapu hicho aliondolewa. Aliamriwa kurudi katika nyumba kuu ya shirika na kukaa huko bila cheo wala sauti. Baadaye nyumba hiyo ilihamishiwa Saint-Pern, mahali paitwapo La Tour Saint-Joseph. Huko aliishi miongoni mwa wasichana waliokuwa wakijifunza utawa, ambao walimfahamu kama Sista Marie wa Msalaba. Historia waliyofundishwa ilimtaja padri kuwa ndiye mwanzilishi. Bikizee huyo aliyekaa nao mezani hakuwasahihisha.

Hali hiyo ilidumu miaka 27. Jeanne Jugan alifariki Agosti 29, 1879, akiwa na umri wa miaka 86. Wakati huo shirika lilikuwa na watawa wapatao 2,400. Ukweli haukuzikwa naye. Mwaka wa 1890 Le Pailleur aliitwa Roma na kuondolewa madarakani, na hatua kwa hatua kumbukumbu zikasahihishwa. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri Oktoba 3, 1982, naye Papa Benedikto wa 16 akamtangaza mtakatifu Oktoba 11, 2009. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Wachache wameutimiza usemi huo kama yeye.

Kwa wakazi wa Thika na Ruiru, maisha ya mwanamke huyu hayapaswi kuwa hadithi ya mbali. Ruiru, uliokuwa mji mdogo wa mashamba ya kahawa, ulihesabiwa katika sensa ya 2019 miongoni mwa miji mikubwa zaidi nchini. Sensa hiyo ilionyesha kuwa Kenya ilikuwa na watu wapatao milioni 2.7 waliotimiza miaka 60 na zaidi. Wana na mabinti hudamka alfajiri kupanda matatu kwenda Nairobi au kuingia viwandani Thika, na cucu aliyepooza huachwa nyumbani na msichana wa kazi ambaye hajafundishwa namna ya kumtunza. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa jamaa yake na serikali. Lakini sheria haiwezi kumgeuza mgonjwa kitandani. Kazi hiyo hufanywa kwa mikono.

Mfikirie tena Anne Chauvin. Katika zama hizo haikujulikana kwamba vijidudu husababisha maradhi. Leo inafahamika kwamba mtu aliyepooza mara nyingi hushindwa kumeza sawasawa. Mate na mabaki ya chakula humpalia, hasa usingizini, yakaingia mapafuni badala ya tumboni. Ikiwa meno, ulimi na ufizi havijasafishwa, mate hayo hubeba vijidudu vingi, na matokeo yake huwa homa ya mapafu, yaani nimonia, mojawapo ya maradhi yanayowaua wakongwe kwa wingi duniani.

Nchini Japani, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2002 uliwafuatilia wakazi wa makao 11 ya wazee kwa miaka miwili. Kundi moja lilipigwa mswaki na wauguzi baada ya kila mlo, na kuhudumiwa na wataalamu wa meno mara moja kwa juma. Katika kundi hilo, asilimia 11 walipata nimonia. Katika kundi ambalo halikupewa huduma hiyo, waliougua walikuwa asilimia 19. Si tafiti zote zilizopata mafanikio hayo. Jaribio jingine lililofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka wa 2015, ambalo lilichanganya mswaki, dawa ya kusukutua na kumketisha mzee wima wakati wa kula, halikupunguza ugonjwa huo. Kwa hivyo mswaki si kinga kamili. Hata hivyo, hakuna mtaalamu anayeshauri kinywa cha mzee kiachwe kichafu.

Wauguzi hushauri mambo yasiyohitaji pesa nyingi. Mzee apigwe mswaki angalau mara mbili kwa siku, ulimi wake ukiwemo, hata kama amebakiwa na meno mawili. Meno bandia yatolewe usiku na kusafishwa, kwa kuwa kulala nayo mdomoni kumehusishwa na ongezeko la nimonia. Alishwe akiwa ameketi wima, kidogo kidogo, wala asilazwe mara tu baada ya kula. Akianza kukohoa kila anapomeza, apelekwe hospitalini.

Jambo jingine ambalo jamaa wengi hawalijui ni kwamba nimonia ya mzee huja kimyakimya. Pengine hapati homa kali wala kikohozi. Hukataa chakula, huhema haraka, huchanganyikiwa au kulala kupita kiasi. Watu husema ni uzee tu, na siku za kumwokoa hupita.

Jeanne Jugan hakuacha vitabu wala uvumbuzi wa tiba. Alichoacha ni kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukitumia, awe Kasarani, Ruiru au Thika. Heshima kwa mzee haipimwi kwa ukubwa wa jengo analolazwa, wala kwa hotuba zinazotolewa siku ya mazishi yake. Hupimwa kwa yale anayotendewa asubuhi na jioni, mlango ukiwa umefungwa na hakuna anayetazama: nani amembeba, nani amemlisha, na nani amekumbuka kumsafisha kinywa.